Matini na Isnadi ya Jengo: Wasanifu Majengo Mbele ya Misikiti Yetu ya Kale

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Mwanafunzi wa elimu ya hadithi hufundishwa mapema kwamba kila habari ina mambo mawili. Kuna matini, nayo ni maneno yenyewe. Na kuna isnadi, nayo ni silsila ya watu waliopokezana maneno hayo mpaka yakatufikia. Huenda matini ikawa nzuri, sikio likaipenda na akili ikaikubali, lakini isnadi yake imekatika. Mwanachuoni haipokei kwa sababu ya uzuri wake.

Jengo la kale nalo lina matini na isnadi. Matini yake ni umbo: urefu na upana, safu za nguzo, tao la mihrabu. Isnadi yake ni vitu lilivyojengewa: jiwe, chokaa, udongo na mti, pamoja na mikono ya waashi waliolijenga na kulikarabati kizazi baada ya kizazi. Wasanifu majengo walioisoma misikiti ya mwambao wetu wamekuwa hodari wa matini. Katika isnadi, wengi wao wamekuwa na upungufu. Na sisi wenye misikiti hiyo, maimamu na kamati zetu, mara nyingi tumewazidi kwa upungufu, kwa kuwa tumeikata isnadi kwa mikono yetu wenyewe. Hayo ndiyo tunayotaka kuyapima hapa kwa mizani ya elimu.

Waliotangulia walivyosimulia majengo

Imamu Bukhari (Allah amrehemu) amepokea kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.) habari ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina. Maana yake kwa ufupi ni kwamba katika zama za Mtume msikiti ulikuwa wa matofali ya udongo, paa lake makuti ya mtende na nguzo zake magogo ya mtende. Sayyidna Abubakar (r.a.) hakuongeza kitu. Sayyidna Umar (r.a.) aliupanua, lakini akaujenga kwa vitu vilevile vya mwanzo, na nguzo akazirejesha za mti. Kisha Sayyidna Uthman (r.a.) akaubadilisha: kuta zikawa za mawe yaliyochongwa na jasi, nguzo zikawa za mawe, na paa likawa la msaji.

Ndugu msomaji, tazama msimulizi amechagua kuhifadhi nini. Katika riwaya hii hakutaja dhiraa za urefu wala idadi ya milango. Ametaja udongo, makuti, magogo, jiwe, jasi na msaji, na kila kimoja amekinasibisha na zama zake na mtu wake. Hiyo ni tarikh ya jengo iliyosimuliwa kwa vitu vyake.

Habari ya pili ni ya Al-Kaaba, nayo imo katika Sahihi Muslim. Nyumba tukufu ilipoungua mwaka 64 Hijria, wakati Makka imezingirwa, Abdullah bin Zubeir (r.a.) aliwataka watu ushauri: je, aivunje na kuijenga upya, au atengeneze palipoharibika tu? Ibn Abbas (r.a.) aliona atengeneze palipodhoofika, na aiache nyumba pamoja na mawe yake ambayo watu walisilimu yakiwa katika hali ile. Ibn Zubeir aliona kwamba mtu ambaye nyumba yake mwenyewe imeungua haridhiki mpaka aifanye upya, sembuse Nyumba ya Mola. Naye alikuwa na hadithi ya khalati yake, Bibi Aisha (r.a.), kuhusu misingi ya Nabii Ibrahim (A.S.). Akaswali istikhara siku 3 na akaazimia kuivunja. Lakini hakunyanyua ukuta mpaka alipochimba, msingi ukadhihiri na watu wakautazama kwa macho yao.

Baadaye Hajjaj, kwa amri ya Abdul Malik bin Marwan, akaibomoa sehemu ile na kuirudisha kama ilivyokuwa kabla. Na inasimuliwa kwamba khalifa mmoja wa Bani Abbas alipotaka kuirejesha kwenye ujenzi wa Ibn Zubeir, Imamu Malik (Allah amrehemu) alimsihi asifanye hivyo, Nyumba isije ikawa mchezo wa wafalme, kila anayetawala akabomoa na kujenga.

Sikuileta habari hii ili kuhukumu baina ya masahaba. Nimeileta kwa sababu ndani yake mna kanuni 3 ambazo msanifu majengo wa leo angefaidika nazo: kwanza, tengeneza palipodhoofika, pili, usijenge kwa dhana mpaka msingi uonekane, tatu, jengo la umma lisiwe uwanja wa kila mwenye mamlaka kuonesha ladha yake.

Garlake na usomaji wa umbo

Kazi mashuhuri zaidi ya msanifu majengo juu ya misikiti yetu ni kitabu cha Peter Garlake kilichochapishwa mwaka 1966 kuhusu usanifu wa mwanzo wa Kiislamu katika mwambao wa Afrika Mashariki. Garlake alisomea usanifu majengo, na jicho lake ni la fani hiyo. Alizunguka magofu, akapima kuta, akachora ramani za misikiti na nyumba, na akazipanga mihrabu kwa mitindo yake. Haki yake asinyimwe: michoro ile ni hazina, na mwanafunzi yeyote wa tarikh ya mwambao ataihitaji.

Hata hivyo, mtu anayepanga mihrabu kwa mitindo hufanana na msomaji wa hadithi anayelinganisha matini peke yake. Ataona tao hili linafanana na tao la nchi fulani, na pambo hili lina ndugu yake katika bandari nyingine. Kisha mfanano utamvuta kwenye nasaba. Garlake naye alielekea kuutafuta mwanzo wa usanifu huu ng'ambo ya bahari, akiuona zaidi kama kitu kilicholetwa kuliko kitu kilichokulia hapa.

Jibu lilitoka ardhini. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, mji uliohamwa katika kisiwa cha Pate, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1996. Chini ya gofu la msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta mfululizo wa misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine. Ya chini kabisa ilikuwa midogo, ya miti na udongo, na ya mwanzo wake inakadiriwa kuwa ya karne ya 8 Miladia. Juu yake ndipo ikaja ya matumbawe. Kwa hiyo palikuwa na jamaa ya Waislamu iliyoswali mahali palepale vizazi na vizazi, ikianza na mti na ikiishia na jiwe.

Isnadi hiyo haikuweza kuonekana katika umbo la mihrabu. Ilikuwa katika mashimo ya nguzo zilizooza na katika tabaka za udongo. Tunaposema hivi hatumlaumu Garlake kwa kutoona kilichokuwa bado kimefukiwa, wala hatumtuhumu kuwadharau Waafrika. Mtu huyu huyu aliondoka Rhodesia mwaka 1970 kwa kuwa alishikilia kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na Waafrika, jambo ambalo watawala wa huko hawakutaka kulisikia. Tunachokosoa ni njia. Umbo husafiri kwa urahisi, kwa kuwa baharia mmoja anaweza kulibeba kichwani mwake. Tanuri la chokaa, mwamba wa matumbawe na mkono wa mwashi havisafiri hivyo, na ndivyo vinavyotoa ushahidi juu ya wenyeji wa mahali.

Jiwe, chokaa na mkoko

Asiyejua vitu hivi hawezi kuifahamu hata ramani anayoichora. Wazee wetu walitumia mawe ya matumbawe ya aina mbili. Lipo jiwe gumu linalochimbwa nchi kavu, na hilo lilijengewa kuta. Na lipo tumbawe linalokatwa baharini likiwa bichi na laini, likachongeka kwa urahisi, kisha likikauka huwa gumu. Hilo lilifanyiwa mihrabu, fremu za milango na maandishi. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo, ikazimwa kwa maji na kuachwa muda mrefu ikomae kabla ya kutumika.

Dari ilibebwa na boriti za mkoko. Boriti ya kawaida hufunika upana usiozidi takriban mita 3, na kwa ajili hiyo vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba. Vilevile katika baadhi ya misikiti ya kale safu ya nguzo hupita katikati, mbele ya mihrabu hasa, mpaka mgeni akashangaa vipi mjenzi amemzibia imamu. Anayesoma ramani tu atatafuta maana ya siri katika nguzo ile. Anayejua mkoko ataona kwamba urefu wa mti una sehemu kubwa katika jibu.

Kilwa Kisiwani inatoa mfano mwingine. Msikiti Mkuu una sehemu ndogo ya kaskazini, ambayo ndiyo kongwe, na upanuzi mkubwa wa kusini. Katika upanuzi ule wajenzi walisimamisha nguzo za tumbawe la kipande kimoja. Zilipendeza, lakini jengo lilianguka, na katika karne ya 15 likajengwa tena kwa nguzo za pembe nane zilizojengwa kwa mawe na chokaa. Mchoro unaoonesha msikiti ule kama kitu kimoja kilichokamilika siku moja unaficha somo kubwa, kwamba waashi wa Kilwa walijaribu, wakashindwa, wakajifunza.

Na Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, pana maandishi ya Kufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Lakini sehemu kubwa ya jengo lililopo ni ya ujenzi wa karne ya 18, na juu yake pana paa la mabati. Wako wanaosema msikiti wote una miaka mia tisa, na wako wanaoyaona mabati wakadhani hapana la kale. Wote wawili wameisoma silsila kwa mpokezi mmoja. Ukweli ni kwamba kila tabaka lina zama zake, na hayo mabati yenyewe ni ushahidi kwamba nyumba hii haikuachwa kuwa gofu.

Tadlisi ya saruji

Sasa tuje kwenye madhara ya leo. Jiwe la matumbawe lina vitundu, nalo hunyonya unyevu kutoka ardhini. Lipu ya chokaa huuachia unyevu ule utoke na kukauka. Saruji ni ngumu na huziba. Ukuta wa kale ukipigwa lipu ya saruji, maji hukosa njia ya kutokea, hupanda juu zaidi na kubeba chumvi, chokaa ya ndani ikamomonyoka na ncha za boriti zilizomo ukutani zikaoza. Kwa nje ukuta unang'aa, umenyooka na umepakwa rangi. Ndani unakufa.

Katika elimu ya hadithi kuificha aibu ya isnadi ili ionekane imeungana huitwa tadlisi, na katika fikihi ya biashara kuificha aibu ya bidhaa huitwa kwa jina hilohilo. Kila imamu anaijua habari iliyopokewa na Muslim, jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta umajimaji chini ya kilichokauka. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu watu wakione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Mkandarasi anayefunika ukuta unaotota kwa saruji na kuukabidhi kwa kamati kama ukuta uliopona amefanya jambo la sura hiyohiyo. Akiwa hajui, basi afundishwe kabla hajapewa kazi.

Lipo kosa la pili ambalo hufanywa na wenye elimu zaidi. Nalo ni kuvua lipu zote, kuondoa nyongeza za karne za karibuni, kisha kubuni sehemu zilizopotea ili jengo lirudi kwenye kile wanachokiita asili. Katika elimu yetu maneno ya mpokezi yakiingizwa ndani ya matini bila ya kubainishwa huitwa mudraji. Tao jipya lililochongwa lifanane na la kale, bila ya alama wala maandishi ya kulitambulisha, ni idraji katika jengo. Mjukuu wetu atalisoma kama neno la babu zake, kumbe ni dhana ya msanifu.

La kushangaza ni kwamba wasanifu wenyewe wana kanuni inayolikataa hili. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaohusu uhifadhi wa majengo ya kale, unataka urejeshaji ukome pale dhana inapoanza, mchango wa kila zama uheshimiwe, na kilichojazwa kipya kiweze kupambanuliwa na cha kale. Mwanafunzi wa hadithi akiusoma ataona kama anasoma masharti ya maulamaa wake. Upungufu basi si wa kanuni. Upungufu ni kwamba kanuni hukaa katika vitabu, na kazi hutolewa kwa haraka, kwa anayemaliza mapema kabla ya Ramadhani.

Hukumu ya wakfu

Kwetu sisi jambo hili halikomei kwenye tarikh. Msikiti ni wakfu, na maana ya wakfu ni kuzuia dhati ya kitu na kuyaacha manufaa yake yaendelee. Msimamizi si mmiliki. Imamu Nawawi (Allah amrehemu) katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa nyingi za mwambao wetu wa Kishafi, ameeleza kwamba kauli sahihi zaidi ni kufaa kuuzwa mikeka ya msikiti ikichakaa, na magogo yake yakivunjika yakawa hayafai ila kuwa kuni. Na kwamba msikiti ukianguka na kushindikana kujengwa tena hauuzwi kwa hali yoyote. Angalia sharti lake: yavunjike, na yasifae ila kuchomwa. Boriti nzima ya mkoko, mlango wa kuchongwa, au jiwe la mihrabu linaloweza kurudi mahali pake, halijafika hapo. Kamati inayoutoa mlango wa miaka 200 kwa fundi kama sehemu ya ujira wake, au inayoruhusu ubebwe kwenda kuuzwa kwa wapenzi wa vitu vya kale, itafute kwanza dalili yake.

Kweli, wanachuoni wa Kihanbali wana upana zaidi katika kuuza na kubadilisha wakfu manufaa yake yanapokatika, na wanatoa hoja kwa yaliyopokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.) kuhusu kuhamishwa kwa msikiti wa Kufa. Lakini hata kwao sababu ni haja na maslaha ya wakfu. Hamu ya vigae vipya haihesabiwi kuwa haja.

Pingamizi mbili

Wako ndugu watakaosema kwamba Uislamu si mawe, na kwamba kuyajali majengo ni mlango wa kuyatukuza. Tunawajibu kwamba hatutafuti baraka kwa jiwe. Sayyidna Umar (r.a.) alikwisha kutufunza, mbele ya Jiwe Jeusi lenyewe, kwamba jiwe halidhuru wala halinufaishi. Tunalolilinda ni amana ya aliyeweka wakfu na ushahidi wa waliotangulia. Na ushahidi huo una kazi. Anayedai kwamba Uislamu wa mwambao ni jambo la juzi, au kwamba wenyeji walikuwa watazamaji tu, hajibiwi kwa hotuba kali. Anajibiwa kwa Shanga na kwa Kizimkazi. Tukiuvunja ushahidi kwa mikono yetu, tutasimama mbele ya hakimu bila ya shahidi.

Wengine watasema waumini wameongezeka na msikiti hautoshi. Hilo ni haki. Umar na Uthman (r.a.) walipanua msikiti bora kuliko yetu, na msanifu anayetaka msikiti ugande kama chombo cha makumbusho, watalii wakapiga picha na mwenye kuswali akaonekana msumbufu, naye amekosea, kwa sababu jengo lililowekwa wakfu kwa swala uhai wake ni swala. Lakini upanuzi haulazimishi kubomoa. Inawezekana kuongeza ukumbi ubavuni au nyuma, ukajulikana kuwa mpya, na nyumba ya kale ikabaki na safu zake.

Basi, imamu anayeletewa mchoro wa ukarabati aulize maswali machache kabla ya kutia saini. Je, msanifu huyu amechunguza ukuta umejengwa kwa jiwe gani na udongo au chokaa gani? Je, unyevu unatoka wapi, na baada ya kazi utatokea wapi? Ni kipi kitaondolewa, nani amekiandika na kukipiga picha, na kitawekwa wapi? Kipya kitatambulikanaje na cha kale? Na je, yupo katika kazi hii fundi wa chokaa, pamoja na kijana mmoja wa mtaani anayejifunza kwake? Swali la mwisho ndilo zito zaidi. Michoro yote ikisalimika na fundi wa chokaa wa mwisho akafa bila ya mwanafunzi, tutabaki na matini isiyo na mpokezi.

Wallahu aalam, wabillahi taufiq.